Thumni ya Bibi

Watu wengi hudhani kwamba siku ya mzee aketiye barazani ni siku tupu. Humpita wakamwamkia, wakaendelea na njia yao, na ndani ya nyoyo zao humhurumia kwa kuwa hana kazi. Mimi nimefundisha Kiswahili chuoni kwa miaka kumi na sita, nimeishi kati ya watu wenye vitabu vingi na mikutano mingi, lakini sijapata kumwona mtu mwenye shughuli nzito kwa siku moja kama bibi yangu, mzaa mama, akiwa ameketi juu ya mkeka wake mjini Pangani, miguu ameinyosha, mikono imetulia mapajani, na macho yakielekea mahali pasipo na kitu. Shughuli yake ni kusikiliza.

Wageni wafikapo Pangani huuliza habari za Abushiri bin Salim, aliyenyongwa katika mji huo mwezi wa Desemba mwaka 1889. Au huuliza njia ya kwenda kivukoni, ili wavuke mto waende Bweni. Hayo ni maswali mema, na bibi huyajibu kwa adabu. Kisha, kama mgeni hana haraka, humwonyesha mnazi.

Hana hakika na mwaka aliozaliwa. Asemalo ni kwamba Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 alikuwa na watoto wawili, na wa pili alikuwa hajaachishwa ziwa. Aliletwa katika nyumba ile bibi arusi, watoto wake saba wakazaliwa humo, na wawili katika hao walitoka humo juu ya jeneza. Mimi hunita mke mwenzangu, kama ilivyo desturi ya mabibi wa kwetu na wajukuu wao wa kike, na kila nifikapo huniuliza, baada ya kuitikia shikamoo yangu, kama nimekuja kumnyang'anya mume. Mume mwenyewe, yaani babu, alifariki mwaka 2009, lakini utani haukuzikwa pamoja naye.

Siku ya bibi haikupimwa kwa saa. Mwenye kuianza ni shore, ambaye wengine humwita shorewanda, naye hulia kabla nuru haijaweza kutenga uzi mweupe na mweusi. Jua likipanda, uwanja wote hushikwa na makelele ya minana. Adhuhuri huwa kimya, ila tetere mmoja aliyejificha kivulini. Dudumizi hana saa yake maalumu. Sauti yake ni kama maji yamiminwayo kutoka katika gudulia lenye shingo nyembamba, na watu wa pwani huiamini kuwa ni habari ya mvua.

Kwa desturi ya kazi yangu nimezoea kufungua kamusi. Ile ya Frederick Johnson iliyotoka mwaka 1939, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotoka mwaka 1981, ni kazi za heshima, na hapana mwalimu awezaye kuziacha. Lakini kamusi zetu zifikapo kwa ndege huchoka upesi. Mara nyingi huambiwa kuwa fulani ni ndege mdogo, au kuwa ni ndege wa rangi fulani, basi. Siku moja nilimwomba bibi anieleze maana ya majina hayo, nami nikiwa na daftari. Dudumizi, akasema, ni yule akuambiaye uanue nguo. Shore ni yule amwamshaye mwenye kusali na kumkera mvivu. Nilipomwuliza rangi zao alinitazama kwa mshangao, kama mtu aliyeulizwa jirani yake amevaa nguo gani ilhali habari iliyokuwa ikizungumzwa ni ya tabia yake.

Aliyempenda kuliko wote ni mnana. Nadhani alimpenda kwa sababu mambo yake yako wazi, naye bibi hupenda kusema habari za ndoa. Dume, mwenye manjano ya kung'aa, huchana majani ya mnazi kuwa nyuzi ndefu, akafanya kwanza pete, kisha akasuka chumba kuizunguka, kinywa kikitazama chini. Akimaliza huning'inia hapo akipiga mbawa na kupiga kelele. Jike huja, akaingia, akavuta nyuzi huku na huku. Ikimpendeza hutia malalo na kutaga. Isipompendeza huenda zake, na dume huivunja nyumba yake mwenyewe uzi kwa uzi akaanza upya. Bibi aliwafuata minana hao kama watu wengine wafuatavyo mpira. Alijua yupi amekataliwa mara mbili na yupi amebahatika. Na katika kusimulia, habari za juu mnazini zilichanganyika na za chini nyumbani, hata msikilizaji hakujua ni lini amehama kutoka tawini kwenda kwa mjomba wangu mkubwa, ambaye nyumba yake ya kwanza ilivunjika, na ya pili, kwa maneno ya bibi, imesukwa vizuri lakini imetazama upepo.

Hakuwa mtu wa kulialia. Watoto wa pwani hufundishwa kwamba pugi, yule njiwa mdogo, hulalamika kuwa amefiwa na baba na mama na amesalia peke yake. Nilipokuwa mtoto nilitokwa na machozi kwa ajili ya pugi. Bibi, ambaye alikuwa na haki ya kuomboleza kuliko pugi, alisema, "Yule haombolezi. Anaita mke." Hata bundi hakumwogopa kama jirani zake walivyomwogopa. Mwaka mmoja bundi alikaa juu ya paa la jirani, na vijana wakataka kumpiga mawe kwa kuwa analeta msiba. Bibi alihesabu usiku kumi na mmoja wa sauti ile, kisha akatangaza kwamba waliokufa ni panya. Walakini kila aliposikia sauti hiyo alitamka Bismillahi, maana aliona hapana hasara.

Na chozi, ndege mdogo kabisa mwenye mdomo uliopinda, alipewa haki ambayo sisi wajukuu hatukupewa. Ndege huyu hufunga kiota chake kwa utando wa buibui. Kila alipoonekana akizunguka barazani, ilikuwa marufuku kufagia pembe ya juu ya ukuta mpaka amalize, hata kama wageni wa arusi walikuwa njiani.

Kunguru ndiye aliyempa taabu. Huyu wa kijivu shingoni, tumwonaye katika kila jalala la miji ya pwani, si mwenyeji. Asili yake ni Bara Hindi, naye aliletwa Unguja katika miaka ya 1890, kisha akaenea mrima. Hula mayai na makinda ya ndege wengine, na kunguru wa kwetu, yule mwenye kifua cheupe, amempisha katika miji mingi. Bibi hakuwa na habari za miaka hiyo, lakini mwenendo wenyewe aliujua. Alisema kwamba alipoolewa kunguru wa kanzu nyeupe walikuwa wawili juu ya paa, nao wakimjua. Siku hizi hawaoni, na hawa waliopo hawamjui mtu.

Baada ya kufa babu, mirathi ilibidi igawanywe. Kwa sheria ya Kiislamu mjane mwenye watoto hupata thumni, yaani sehemu moja katika nane, na zinazosalia huwa za watoto, mwana wa kiume akipata mara mbili ya binti. Walikuwapo wajomba watatu, na mama yangu, na mama mdogo. Wajomba walitaka kiwanja chote kiuzwe na kila mtu apewe fedha zake, naye mama yao achukuliwe Dar es Salaam akatunzwe. Sisemi kwamba walikuwa watu wabaya. Paa lilikuwa likivuja, kisima kilikuwa kimeanza kuwa na chumvi, na kila mmoja wao alikuwa na ada za shule za kulipa. Hoja zao zilikuwa hoja za watu wenye akili, na mwalimu aliyeitwa kupiga hesabu alizipiga kwa haki.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nimesikia. Basi thumni yangu naitaka kwa kipande, si kwa fedha. Nipeni kutoka kisimani mpaka ukutani."

Palikuwa na minazi miwili mahali hapo. Mmoja ulikuwa wa kadiri. Wa pili ulikuwa umechanwa na minana miaka mingi, makuti yake yamebaki chelewa tupu, na nazi zake zilikuwa chache na ndogo. Katika pwani yetu mtu aweza kumiliki minazi juu ya ardhi ya mwenziwe, kwa hiyo watu wamezoea kuthamini mti peke yake, na mti ule haukuwa na thamani. Mjomba mkubwa, kwa huruma kabisa, akamwambia, "Mama, mnazi huo hauzai." Bibi akajibu, "Hauzai nazi."

Hapana aliyecheka. Mama na mama mdogo wakasema kwamba sehemu zao ziwe vyumba viwili vya mbele, na mama yao akae humo maisha yake. Wajomba wakajenga vyumba vinne vya kupangisha upande wao, na minazi ya huko ikakatwa. Mpangaji mmoja, mama mwenye watoto wadogo, alinung'unika kwamba ndege wanachafua nguo zake kambani. Bibi akamnunulia kamba mpya, akamfungia mbali na mnazi, na tangu siku ile yule mama humletea uji kila asubuhi.

Mwaka 2017 mtoto wa jicho alikuwa amemziba macho yote mawili, nikamleta Dar es Salaam apasuliwe. Jicho moja likapata nuru, la pili likakataa. Alikaa kwangu miezi mitatu, katika ghorofa ya nne, akila vizuri na kulala vizuri. Lakini alianza kupotea. Aliuliza kama Ijumaa imepita, ilhali ilikuwa Jumatatu. Majina ya vitukuu vyake yalimtoka. Alimwita mama yangu kwa jina la dada yake aliyekufa. Jamaa wakakaa wakasema kwa sauti ya chini kwamba uzee umefika, na kwamba sasa, kwa hakika, hawezi kurudishwa Pangani peke yake. Nami nilikuwa karibu ya kuafikiana nao. Kilichonizuia ni neno dogo alilosema dirishani: "Huku kunguru huanza, kunguru humaliza. Mtu atajuaje amefika wapi?"

Nalipima neno hilo kama mtu wa lugha, nikakumbuka jambo la cheti cha mama yangu. Cheti hicho kimeandikwa kwamba alizaliwa tarehe 1 Julai, tarehe waliyopewa watu wengi wasioijua yao. Bibi hakupata kuikubali. Kwake yeye mama alizaliwa siku ambazo mbayuwayu walikuwa wakijipanga kuondoka. Sasa, mbayuwayu hawa hutoka Ulaya wakatufikia karibu na Septemba na Oktoba, na huanza kurudi karibu na Machi na Aprili. Mwezi wa Julai wako kwao wakilea makinda. Kati ya karani na bibi, ajuaye alikuwa bibi. Na si mama peke yake. Kila mtoto, kila harusi, kila maiti katika ukoo wetu alikuwa amefungwa kwa ndege fulani na majira fulani. Kumbukumbu zake hazikuwamo kichwani tu; nyingine zilikuwa nje, zikiruka, naye alikuwa akizihesabu kila siku asubuhi na jioni. Tulikuwa tumemleta mahali ambapo daftari lake lina ukurasa mmoja.

Nilimrudisha kwa basi, na wajomba walikasirika, na mmoja wao hakunipigia simu karibu ya mwaka. Siku za kwanza bibi alilala tu. Siku ya tano aliamka kabla ya alfajiri akaniambia kwamba shore wa mwembeni kwa jirani amepata mwenzi, maana sauti ni mbili. Siku ya nane alitaja vitukuu vyote kwa majina, pamoja na makosa ya kila mmoja. Mambo mengine hayakurudi. Hata leo humchanganya mama na marehemu dada yake, hasa nyakati za jioni, na mama ameacha kumsahihisha. Mimi sina elimu ya utabibu, nami siwashauri watu waache hospitali wakatafute minana. Nasimulia niliyoyaona.

Mnazi usiozai bado umesimama. Umeinama kidogo upande wa mto, na mjomba mkubwa, ambaye siku hizi amestaafu na huja kukaa Pangani miezi mizima, ameufungia gogo usiangukie kisima. Nilimkuta juzi ameketi barazani kando ya mama yake, wote wawili kimya, na nilipotaka kumwamkia aliinua kidole nisubiri.

Bibi hunipigia simu Jumapili, kwa msaada wa yule mpangaji wa kamba. Mwaka huu, mwanzo wa Oktoba, aliniuliza kama mbayuwayu wamefika Dar es Salaam. Nilikwenda dirishani na simu sikioni, nikatazama nyaya za umeme kutoka nguzo hata nguzo, nikamwambia bado.

"Basi wako njiani," akasema, akaniuliza kama nimekula.