Katikati ya Maombolezo

Kufa kwa wengi arusi, walinena wahenga. Methali hii ina hekima yake, kwani mzigo wa msiba ukibebwa na mabega mengi hupungua uzito. Lakini mfiwa anajua kuwa idadi ya wafu haigawanyi huzuni. Hata wakifa watu elfu, kila nyumba humlilia wake, na zipo nyumba zisizojaaliwa hata hilo la kuzika.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli iliyokuwa safarini kutoka Unguja kwenda Pemba ilizama katika maji ya Nungwi. Miongoni mwa abiria alikuwamo mdogo wangu, fundi seremala, aliyekuwa akienda Wete kumalizia milango ya nyumba ya mtu. Tulimtafuta Nungwi, tukamtafuta katika viwanja vya Maisara, walikolazwa marehemu ili watambuliwe na jamaa zao. Hatukumwona. Miili mingi haikupatikana, na wake ni mmoja katika hiyo.

Kwetu sisi Wakristo kaburi si jambo dogo. Ndipo panaposimamishwa msalaba, na ndipo tunapofagia na kuwasha mishumaa ifikapo tarehe 2 Novemba, siku ya kuwaombea marehemu wote. Sisi hatukuwa na pa kufagia. Mama alikuwa na swali moja tu, na alimuuliza kila aliyeingia ndani: “Tumlilie, au tumngoje?”

Wapo waliokuja na faraja za haraka. Walisema ni mapenzi ya Mungu, walisema amepumzika, walisema tusilie kama watu wasio na tumaini. Sikuwatilia shaka wema wao. Hata hivyo, kila neno lao lilisikika kama mlango unaofungwa taratibu, ili kilio chetu kisifike nje.

Jirani yetu mmoja, Mwislamu, alipotelewa na mwanawe katika meli hiyo hiyo. Kwao walikuwa wamekwisha kumsalia sala ya maiti asiyekuwapo. Kwetu tulikuwa tukiandaa ibada ya kumbukumbu isiyo na jeneza. Mchana mmoja mama yule alikuja na mkeka wake kwapani, akautandika, akaketi ubavuni mwa mama. Hakumkataza kulia. Alisema tu, “Mwenzangu, bahari haibishwi hodi.” Kisha wakanyamaza wote wawili mpaka adhana ya alasiri. Kitabu cha Ayubu husimulia kuwa rafiki zake walipomwendea waliketi naye chini siku 7, usiku na mchana, pasipo kutamka neno. Huo ndio uliokuwa ufariji wao ulio bora. Ubaya ulianza walipofumbua vinywa na kutaka kumweleza Mungu.

Padre wetu naye hakueleza mengi. Alimwachia mama Biblia iliyofunguliwa kwenye kitabu cha Maombolezo. Nami nakuomba, ndugu msomaji mpenda mashairi, ukitazame kitabu hicho kwa jicho la mtunzi. Kina sura 5, nacho chaulilia mji wa Yerusalemu ulioangushwa na Wababeli. Sura nne za kwanza zimetungwa kwa kufuata herufi 22 za Kiebrania, kama malenga wetu wa pwani walivyotunga kwa alifu, bee na tee. Sura ya tatu imeipa kila herufi aya tatu, zikawa 66. Mtunzi amelia kutoka herufi ya kwanza hadi ya mwisho, mithili ya mtu apitaye katika vyumba vyote vya nyumba iliyobomoka, asikiruke hata kimoja. Ifikapo sura ya tano, aya ni 22 vilevile, lakini mpangilio wa herufi haupo tena. Kipimo kimesalia, sauti imechoka.

Sasa tazama faraja imekaa wapi. Zile habari za rehema za Mungu zinazokuja mpya kila kunapokucha hazikuwekwa mwishoni, ambako sisi tungeziweka. Zimo katika sura ya tatu, katikati ya kitabu. Baada yake kilio chaendelea kama kwanza, na kitabu chafungwa kwa hofu kwamba huenda Mungu amewakataa watu wake moja kwa moja. Hakuna aliyethubutu kukifuta kimalizio hicho.

Mama alisoma polepole, kwa siku kadhaa. Alipomaliza aliniambia, “Kumbe aliyeamini naye huendelea kulia.” Sijasikia mahubiri yaliyonigusa kuliko hayo. Hata Yesu alimlilia Lazaro, ilhali alijua kuwa kitambo kidogo tu atamwita atoke. Yumkini machozi yake hayakuwa upungufu wa imani, bali heshima kwa waliofiwa.

Ibada tuliifanya Mkunazini, katika kanisa kuu lililoanza kujengwa mwaka 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa. Husimuliwa kwamba madhabahu yake ipo palipokuwa na mti wa kuchapia watu. Nikiwa nimeketi pale, niliwawaza wale waliosafirishwa kwa majahazi wakafia njiani, wakatupwa majini, bila jina wala kaburi. Kanisa lile halikujengwa mbali na jeraha lao. Limejengwa juu yake, na sala husaliwa papo hapo palipolia watu. Imani yetu yote imekaa hivyo. Aliyefufuka hakutokea akiwa na viganja visivyo na kovu. Alimwonyesha Tomaso alama za misumari, na kwa hizo akatambulikana.

Basi faraja ya Mungu, kwa kadiri nilivyoionja, haikuja kuyafunga maombolezo yetu. Imekaa katikati yake, kama mtu aliyetandika mkeka na asiye na haraka ya kuondoka. Mama angali akilia siku nyingine, na siku nyingine hucheka akikumbuka vituko vya mwanawe. Swali lake hamuulizi mtu tena. Ufunuo wa Yohana husimulia siku ambayo bahari nayo itawarudisha wafu wake. Na mpaka siku hiyo, nyumbani kwetu tunamlilia, na tunamngoja.