Mikono Iliyofungwa

Kiingereza nilikisoma sekondari, nikapata alama nzuri, nikajidhania mjuzi. Kwetu Kongo lugha ya serikali ni Kifaransa. Lakini tangu ilipoundwa MONUC mwaka 1999, ambayo mwaka 2010 iligeuzwa jina ikawa MONUSCO, askari wengi waliofika Masisi na Walikale, wa India na wa Afrika ya Kusini, walitumia Kiingereza. Baada ya mabaya ya Luvungi, mwaka ule ule wa 2010, waliongezwa wasaidizi wenyeji wa kusemezana na raia. Mimi sikuwa mmoja wao. Siku ile niliitwa tu kwa kuwa hakuonekana mwingine.

Ilikuwa katika kijiji kimoja, njia ya Nyabiondo kwenda Walikale. Wazee waliwaomba askari wageni walale pale, kwani waasi walisikiwa karibu. Afisa akainamisha kichwa, akasema maneno machache. Nikayageuza neno kwa neno: “Mikono yetu imefungwa.” Alitaka kusema kwamba amri ya wakubwa wake haimruhusu. Lakini kwetu aliyefungwa mikono ni mtu aliyekamatwa vitani. Tumewaona kwa macho yetu. Mama mmoja akauliza, “Waliowafunga wako wapi?” Nikacheka, nisimjibu. Afisa alikuwa amekwisha kupanda gari.

Usiku ule kijiji kizima kilikimbilia msituni, mvua ikinyesha. Walidhani hata askari wameshindwa. Waliporudi baada ya juma zima, muhogo uliolowekwa ulikuwa umeoza, mbuzi hawapo, na mtoto wa yule mama anatetemeka kwa homa. Alipona, namshukuru Mungu. Mama hakunigombeza; aliniuliza tena swali lile lile tu.

Tangu hapo, mgeni akisema kwamba ataweka jicho barabarani, au kwamba sisi sote tuko katika ukurasa mmoja, siwapelekei watu jicho wala ukurasa. Namwuliza kwanza, “Utafanya nini, bwana?” Wengine hukasirika. Na wakasirike.

Lakini misemo si ya Kiingereza peke yake. Siku nyingine mzee alilia, “Baba, tumekufa!” kwa kuwa daraja limechukuliwa na maji, na mgeni akatoa kalamu aandike hesabu ya maiti. Nikamshika mkono: “Ngoja, ni daraja.” Akaifunga kalamu yake, akataka kwenda zake. Ikabidi nimweleze kwamba ng’ambo ya mto ndiko yaliko mashamba yao yote.