Mavi ya ndege yenye miguu

Sisi walimu tulikosea. Mwezi jana tuliwatuma watoto wa darasa la 3 wamwagilie mche wa mlimao ulio nyuma ya darasa na kupanguza mavi ya ndege kwenye majani. Mmoja akarudi mbio: “Mwalimu, mavi inatembea!” Tukamkemea kuwa anadanganya. Ni mtoto mgeni, haongei sana, akanyamaza kabisa.

Kesho yake tukaenda kuangalia wenyewe. Kumbe kweli! Ni viwavi vya yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano, anayetaga kwenye milimao na michungwa. Kiwavi kikiwa kidogo ni cheusi chenye alama nyeupe, basi ndege akikiona anadhani ni uchafu, anapita. Kikikua kinageuka kijani kama jani. Na ukikigusa kinatoa pembe mbili za rangi ya machungwa, harufu yake kali. Hapo darasa zima lilikimbia, na sisi pia.

Tulimwomba yule mtoto msamaha mbele ya wenzake. Viwavi tulivitoa kwa mkono, maana vingemaliza mche, tukabakiza viwili ndani ya kopo. Yeye ndiye anayevilisha. Juzi alikuja kutuita: kimoja kimejifunga kwa uzi kwenye kijiti. Safari hii tulimfuata mbio.