Barua kutoka Brussels: Jengo Lililopiganiwa

Mama mdogo mpendwa,

Uliniuliza kwenye simu kama huku Ubelgiji nako serikali ina redio na televisheni yake, na kama watu wanaiamini. Simu haikutosha kukujibu, kwa hiyo nakuandikia.

Ipo. Wenye kusema Kifaransa wana RTBF, Waflamandi, wenye kusema Kiholanzi, wana VRT, na zote mbili ni mali ya umma. Hapo mwanzo lilikuwa shirika moja, lenye makao yake katika jengo la Flagey, hapa Ixelles, ambalo mimi hulipita nikienda Matonge kununua unga na sombe. Mwaka 1960 likagawanywa kwa lugha. Mwaka huohuo huko kwetu Burundi ilianza Radio Usumbura, iliyokuja kuwa RTNB ya leo, redio na televisheni ya taifa.

Nikusimulie kisa ambacho Wabelgiji hawajakisahau. Jioni ya tarehe 13 Desemba 2006, RTBF ilikatiza kipindi ghafla. Mtangazaji wa taarifa ya habari, uso unaojulikana kila nyumba, akasema Waflamandi wamejitangazia uhuru na mfalme ameondoka nchini. Yote yalikuwa ya kubuni, yametungwa na waandishi wenyewe ili watu wajadili hatima ya nchi yao. Ilipita kama nusu saa ndipo maandishi yakaonekana kwenye kioo kwamba hiyo ni hadithi tu. Wengi walikwisha kuamini. Wanasiasa walikasirika sana, na nadhani walikuwa na haki. Lakini mimi natazama upande mwingine: waliamini kwa sababu msemaji alikuwa RTBF. Chombo hicho kinaendeshwa kwa sehemu kubwa kwa pesa za serikali, na bado asubuhi waziri huketi studioni akaulizwa maswali magumu, na kesho yake mpinzani wake huketi kiti kilekile.

Sasa turudi kwetu. Tarehe 13 Mei 2015, Rais Nkurunziza akiwa mkutanoni Dar es Salaam, Jenerali Niyombare alitangaza kupitia redio za binafsi kwamba amempindua. Je, watu waliona mambo yamekwisha? Hapana. Kila mmoja alingoja RTNB itasema nini. Ninyi huko mlimani Kiriri, Bujumbura, mlisikia milio ya risasi usiku ule na siku iliyofuata, askari wa Burundi wakiuana na askari wa Burundi kwa ajili ya jengo la redio. Ni kupitia redio hiyo ya taifa Jenerali Niyongabo, mkuu wa majeshi, alitangaza kwamba mapinduzi yameshindwa. Katika siku hizo mbili redio za binafsi za RPA, Bonesha na Isanganiro, pamoja na Télé Renaissance, zilivamiwa na kuharibiwa. Rema, iliyo karibu na chama tawala, nayo ilishambuliwa. RTNB ikabaki karibu peke yake hewani.

Hilo ndilo linaloniuma, mama mdogo. Tangu mapinduzi ya Micombero mwaka 1966, kila mwanajeshi aliyetaka nchi alijua pa kuanzia: redioni. Na mwaka 1993, Rais Ndadaye alipouawa, redio yetu ilinyamazishwa; Warundi walisikia msiba wao kupitia Radio Rwanda, kutoka Kigali. Redio ambayo mwenye bunduki anaweza kuigeuza sauti yake kwa usiku mmoja ni redio ambayo raia hawajawahi kupewa.

Mjomba ataniambia: basi tuige Wabelgiji. Hapa viti vya bodi ya RTBF hugawanywa kwa vyama kulingana na nguvu zao bungeni. Nimelifikiria hilo, na kwetu halifai kwa sasa. Katika uchaguzi wa wabunge wa Juni 2025 chama tawala, CNDD-FDD, kilipata viti vyote 100 vilivyopigiwa kura. Gawa bodi kwa hesabu hiyo, utapata chama kimoja mezani, hali ileile ya leo ambapo mkurugenzi mkuu huteuliwa kwa amri ya rais.

Mimi ningeanzia kwa wasikilizaji. Wapewe viti vya kudumu katika bodi wakulima wa milimani, makanisa, Waislamu wa Buyenzi, vyama vya akina mama, na waandishi waliochaguliwa na waandishi wenzao. Mkurugenzi ahojiwe hadharani, mahojiano yarushwe moja kwa moja katika lugha zote nne za RTNB, Kirundi na Kiswahili kwanza. Na iandikwe katika sheria kwamba hawezi kuondolewa kwa sababu ya habari iliyosomwa.

Uchaguzi wa rais ni 2027. Wewe unawafahamu watu wa redio waliostaafu hapo mtaani. Waulize wao wangeandika nini katika sheria hiyo, kisha uniambie. Wanajua ni simu za nani zilizokuwa zikiingia studioni kabla ya taarifa ya habari.

Mwanao,
Brussels