Kabla ya Kuuza Nyumba ya Marehemu

Kijana anayenunua nyumba ya marehemu kaka yangu hapa Sigowet alikuja na fundi wa stima kabla hata hajauliza mpaka uko wapi. Zamani mnunuzi aliulizia maji, njia, na tabia za majirani. Wazee wakaketi, bodi ya ardhi ikatoa kibali, mambo yakaisha. Huyu alitaka cheti cha waya. “Mzee, nyumba ilijengwa pamoja na hii stima?” Nyumba ilijengwa kwa bonasi ya majani chai, miaka mingi kabla ya nguzo ya kwanza kusimama.

Stima ya kwanza katika senta yetu ilitoka kwenye injini ya dizeli ya mwenye mashine ya kusaga. Dada yangu anasema ilikuwa 1986. Mimi nasema mwaka wa uchaguzi wa mlolongo. Tuliache hilo. Asubuhi aliwasagia akina mama mahindi, jioni akachaji betri za gari zilizoletwa kwa punda na baiskeli, za redio na za ile televisheni moja ya mwalimu. Mle ndani mlinuka unga uliotoka moto mashineni, dizeli, asidi, na mafuta taa aliyopima kwa chupa ya soda. Shati likianza kutoboka vitundu vidogovidogo, mama alijua nani alitumwa na betri.

Kutoka kwenye injini alivuta waya hadi hoteli ya chai ng'ambo ya barabara, akaukaza mitini kwa misumari na kuviringishia viungo karatasi za maziwa. Ukaguzi wake ulikuwa kugusa kwa mgongo wa mkono, maana kiganja kikipigwa na stima hufumba na kushika. Cheti hakuna aliyemwomba. Lakini mawingu yalipojikusanya upande wa Kericho alizima injini, hata hoteli ikiwa imejaa wateja na wote wanapiga kelele. Nchi hii ya mvua ya mawe na radi aliijua vizuri.

Kisha tukasubiri. Tangu 2008 Mto Sondu unazungusha mitambo ya megawati 60 huko chini. Umeme ukaenda zake, sisi tukabaki na koroboi. Mradi wa Last Mile ulipokuja 2015, ada ya kuunganishiwa stima ikashuka kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000 kwa walio ndani ya mita 600 za transfoma, na kila boma likawa na haraka. Mafundi wakazaliwa usiku mmoja. Cheti cha kaka kilitiwa sahihi na mwenye leseni ambaye hakuna aliyemwona akikanyaga hapa. Meta, tokeni, friji, yote yakafuata.

Fundi wa kijana ana leseni ya EPRA, nayo niliikagua. Alifungua boksi la fyuzi, akapima waya, kisha akafuata ule wa kijani hadi nje akitafuta fimbo ya shaba ya kushushia stima ardhini. Waya uliingia ardhini kiasi cha kidole, ukaishia hapo. Yule wa mashine ya kusaga, bila karatasi yoyote, aliiheshimu radi kuliko mwenye leseni.

Hakuna sheria inayomlazimisha muuzaji kukaguza stima, na bodi ya ardhi haitauliza habari ya fimbo. Sasa shemeji na kijana wanabishania nani ailipie. Shemeji anasema anunue anayeogopa radi.