Chandarua na Watoto wa Kuhe

Sisi tuliotoka Uvira, Baraka na Fizi tunalijua Ziwa Tanganyika kwa sahani: ndagala, mgebuka, kuhe. Lakini lina pia samaki wadogo wa kwenye mawe, aina nyingi, na wengi wao hawapatikani ziwa lingine lolote duniani. Hao hukaa karibu na ufuko. Kuhe naye hutaga huko huko, mume na mke wakilinda watoto wao.

Ndipo chandarua kinapopita. Matundu yake hayachagui, kinazoa vifaranga vyote.

Watu wa mashirika huuliza, “Mbona mnavulia chandarua mlichopewa mlalie?” Ndugu zangu, mwenye njaa hafundishwi kwa bango. Wavu wa macho makubwa ni pesa, chandarua ni bure. Na mama asiye na mtumbwi atavua wapi kama si ukingoni?

Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi ziwani miezi 3, tangu 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wazaane. Vizuri kabisa. Ila ziwa ni la nchi 4, na tumbo halifungwi. Siku tukirudi kwetu, tupewe chandarua pamoja na wavu halali. Hapo mtoto wa kuhe atapona, na wa kwetu pia.