Mvua, baiskeli na kanzu kavu



Ndugu wazazi na wanafunzi, huku kwetu Nyakiyumbu mvua huja misimu miwili, Machi hadi Mei, kisha kuanzia Agosti au Septemba hadi Novemba. Kwa sisi tunaokwenda madrasa kwa baiskeli, hiyo ni nusu ya mwaka au zaidi. Wengi huniuliza koti gani la mvua ni zuri. Mimi nasema tuanze na mfuko.

Koti la plastiki huzuia mvua lakini halitoi jasho. Ukipanda kilima nalo utafika umelowa vilevile. Bora uvae nguo za njiani, ukubali kulowa, na kanzu au hijabu viwe ndani ya kavera mbili, kila moja imefungwa mdomo. (Kanzu haifai kwenye baiskeli hata jua likiwaka, mnyororo hula pindo.) Msahafu nao ufungwe hivyo hivyo, ukae mgongoni, si kwenye keria, maana gurudumu hurusha tope huko. Kipande cha tyubu kuukuu kikining'inizwa kwenye ncha ya madigadi hupunguza tope hilo sana. Mwavuli uacheni nyumbani: rimu ya chuma ikilowa, breki hukawia kushika, na mkono mmoja hautoshi.

Tope huwatia watoto wasiwasi, hata wengine huchelewesha swala mpaka warudi nyumbani. Wanazuoni wa Kishafi wamesamehe tope la njiani lisiloepukika, maadamu najisi yenyewe haionekani. Pangusa, uswali. Na katika hadithi ya Ibn Umar (r.a.), usiku wa baridi na mvua Mtume (s.a.w.) alikuwa akimwamuru muadhini atangaze watu waswali majumbani mwao. Basi mvua kubwa ni udhuru, mzazi asimsukume mtoto njiani.

Tena mvua ya huku usiitazame juu ya kichwa chako tu. Mto Nyamwamba ulifurika Kasese tarehe 1 Mei 2013, na tena Mei 2020, maji yakishuka kutoka Rwenzori. Nyamugasani na Lhubiriha pia hutoka milima hiyo hiyo. Unaweza kufika mtoni hakuna hata tone, kumbe maji yako njiani. Mtoto aliyechelewa kwa kusubiri yapungue, darasani kwangu haulizwi. Abadili nguo, akae, asome.

Wazazi, mtieni na kitambaa cha kufutia miguu. Cha madrasa ni kimoja.